Mishipa ya miguu iliyovimba na ile kama utando wa buibui: anza na kipimo, sindano baadaye

Naandika hii kwa urefu kidogo mana kila nikikutana na mtu mwenye mishipa ya miguu swali ni lile lile, nipake nini iishe. Hakuna cha kupaka kikaisha jamani. Ila tiba zipo na ni nzuri kweli, shida watu tunaanzia mwisho. Mimi nilianzia mwisho. Nilikuwa na vile vimishipa vyembamba vyekundu na vya zambarau, vimesambaa juu ya kifundo na upande wa ndani wa goti, nikaenda sehemu wanayochoma sindano za dawa ya kuziba vimishipa, hakuna aliyeniambia simama nikuangalie, hakuna aliyegusa altrasaundi, nikachomwa siku hiyo hiyo nikalipa nikaondoka. Haikupita miezi mingi vikarudi, tena vingi kuliko mwanzo, na pale palipochomwa pakabaki mistari ya kahawia. Nilipokuja kupimwa vizuri ndo naambiwa kuna mshipa mkubwa wa ndani ya paja unavuja, damu inashuka kila nikisimama, sasa vya juu vingeachaje kurudi?

Kwaiyo naenda kwa mpangilio ambao natamani ningeupata mimi siku ile.

Elewa kwanza kinachoharibika

Mishipa tunayoongelea ni vena, ile inayorudisha damu moyoni. Damu ya mguuni inatakiwa ipande juu na hakuna pampu kule chini zaidi ya misuli ya kigimbi, ukitembea kigimbi kinaminya vena na damu inasukumwa kwenda juu. Ndani ya vena kuna vali, vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Vali ikilegea damu iliyopanda inateremka tena, inatuama, presha inaongezeka, mshipa unatanuka, na ukishatanuka vali za chini yake nazo hazikutani tena, hivo ugonjwa unajiendeleza wenyewe taratibu.

Ile ya utando wa buibui ni myembamba, chini ya milimita 1. Ikifuata ile ya bluu au kijani inayoonekana kwa chini ya ngozi, milimita 1 hadi 3. Kuanzia milimita 3 ukiwa umesimama, imejipinda na kutuna, hiyo ndo inaitwa vena varikosi. Mshipa unaovuja mara nyingi ni ule mrefu unaoanzia kwenye kifundo upande wa ndani, unapanda gotini, pajani, mpaka kinenani, au ule mfupi wa nyuma ya kigimbi.

Nani anapata? Kurithi kuna nguvu sana, ukiona mama na bibi wanayo jiangalie mapema. Kuna umri, uzito, kazi za kusimama au kukaa siku nzima, kuwahi kuganda damu mguuni, na ujauzito, mana homoni zinalegeza kuta za vena, damu mwilini inaongezeka, na mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa ya nyonga. Wanawake wanapata zaidi ila wanaume nao wanapata, na wengi wao wanakuja hospitali wameshachelewa.

Jikague mwenyewe

Simama dakika kama tano kwenye mwanga mzuri, bila suruali, angalia mbele, nyuma, ndani ya paja, nyuma ya goti, kuzunguka kifundo. Usijikague umelala, ukilala damu inaondoka na mishipa inajificha. Piga picha, utazihitaji baadaye kulinganisha.

Halafu sikiliza mguu. Jioni unakuwa mzito? Unawaka, unawasha? Usiku kigimbi kinakaza mpaka unaamka? Soksi ikitoka inaacha alama ya kubonyea? Hizo ni dalili za vena, na raha yake ni kwamba ukiinua miguu juu unapata nafuu, ndo mana watu wengi asubuhi wako sawa.

Madaktari wanapanga hali ya mguu kwa herufi C na namba, C0 hadi C6. C1 ni vimishipa vya buibui, C2 ni vena varikosi, C3 mguu unavimba, C4 ngozi imebadilika, C5 kulikuwa na kidonda kimepona, C6 kidonda kiko wazi. Ukishaona ngozi juu ya kifundo inakuwa ya kahawia au nyeusi, ngumu, kama ina ukurutu usioisha kwa krimu, tafadhali hapo si suala la urembo tena. Hapo ndo panapokuja donda ndugu, na nimeuguza mtu mwenye hilo donda, kusafisha na kufunga bandeji miezi na miezi, sitamani mtu alifikie.

Haya yafuatayo hayasubiri miadi. Mguu mmoja umevimba ghafla na kigimbi kinauma, nenda leo, inawezekana damu imeganda kwenye vena ya ndani kabisa. Ukiongeza kukosa pumzi, kifua kuuma au kukohoa damu hiyo ni dharura, bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu. Mshipa wa juu umekuwa kama kamba ngumu, mwekundu, unauma ukigusa, nao ukapimwe haraka kwasababu kuganda kunaweza kusogea ndani. Na mshipa ukipasuka ukatoa damu, lala chini hapo hapo, inua mguu juu kuliko moyo, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia kama dakika kumi, usiachie kuchungulia, halafu uende hospitali. Usifunge kamba juu ya mguu. Watu wanaogopa wanabaki wamesimama au wanakimbia, na ukisimama ndo inazidi kutoka.

Kipimo, hapa ndo msisitizo wangu wote

Unahitaji altrasaundi ya dopla ya vena za miguu. Haiumi, haina sindano, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kama inafanywa kwa umakini. Jambo la kuangalia: wanapotafuta uvujaji unatakiwa uwe umesimama, uzito umeuweka mguu mwingine. Mpimaji anaminya kigimbi, damu inapanda, anaachia, halafu anatazama kama inarudi chini. Ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde kwenye vena za juujuu, vali imeshindwa kazi. Ukipimwa umelala tu mwanzo mwisho wakasema uko salama, mimi ningeomba nirudiwe.

Omba ripoti mkononi, na iseme mshipa gani unavuja, kutoka wapi mpaka wapi, upana wake, na kama vena za ndani ziko wazi. Hilo la mwisho ni muhimu mno kwasababu zile za ndani ndo zinabeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi.

Kama una vimishipa vichache tu kwa nje ya paja na mguu hauvimbi wala hauumi, daktari mzoefu anaweza akakukagua akaridhika, sawa. Ila vikiwa vimejikusanya kama feni kwenye kifundo upande wa ndani, au una dalili yoyote kati ya nilizotaja, usikubali sindano kabla ya kipimo. Hata wakikwambia leo kuna punguzo.

Ya kufanya nyumbani, na ukweli kuhusu soksi

Tembea kila siku. Kama kazi yako ni ya kusimama, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara ishirini kila baada ya muda, ukikaa zungusha vifundo. Jioni lala uinue miguu juu ya usawa wa moyo dakika 15, hata mara mbili tatu kwa siku. Punguza uzito kama umezidi. Hivi havifuti mshipa lakini mguu unapumua, nafuu yake utaiona wiki hiyo hiyo.

Soksi za kubana zinabana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadri zinavyopanda. Kipimo chake kimeandikwa kwa milimita za zebaki, wengi wanaanza na 15 hadi 20, wenye varikosi na uvimbe wanapewa 20 hadi 30. Pima mguu asubuhi kabla haujavimba, zivae kabla hujashuka kitandani, vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo ndo zinapanda bila kuchanika. Baada ya miezi kadhaa zinalegea, badilisha. Ila mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, au anayeumwa vigimbi akitembea mpaka asimame, apimwe kwanza presha ya damu kwenye kifundo, mana kama ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zimeziba soksi inaweza kuukatia mguu damu.

Sasa ukweli wake. Soksi zinatuliza, hazitibu chanzo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, wa mwaka 2013 unasema kabisa soksi zisitolewe kama tiba ya varikosi ila pale ambapo tiba zingine hazimfai mgonjwa, na wajawazito wanaweza kupewa kwa ajili ya dalili. Kwaiyo mtu akikwambia vaa soksi maisha yako yote bila hata kukupima, tafuta mwingine.

Vidonge vya diosmini na vya mbegu ya chestnati ya farasi vinawapunguzia watu wengine uzito na uvimbe, sivikatai, ila havifungi vali. Krimu za kufuta mishipa, weka pesa yako mfukoni.

Kuziba mshipa unaovuja

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, wakiuziba damu itapita wapi? Itapita kwenye zile za ndani ambazo nimesema zinabeba karibu yote, na huo mbovu ulikuwa unairudisha chini, ulikuwa mzigo. Ukizibwa mguu unapumzika.

Njia inayoshauriwa kwanza sa hivi ni kuziba kwa joto, iwe leza ya ndani au mawimbi ya redio. Unalala macho yako wazi, wanakupa ganzi kidogo karibu na goti, wanaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wakiufuatilia kwa altrasaundi, wanaupandisha mpaka karibu na kinena na kuuacha kama sentimita 2 kabla ya kuungana na vena ya ndani. Halafu wanajaza maji yenye ganzi kuuzunguka mshipa urefu wote. Hiyo ndo sehemu utakayoihisi, ni visindano vingi vinafuatana, usiogope, yale maji ndo yanalinda ngozi na neva zisiungue. Baada ya hapo hutasikia joto. Ile ya redio inafika nyuzi joto 120 za Selsiasi, inachoma kipande cha sentimita 7 kwa sekunde 20, wanashusha wanachoma kingine mpaka chini. Kwa kawaida haizidi saa moja na unaondoka kwa miguu yako. Mshipa unasinyaa, mwili unaufyonza taratibu kwa miezi.

Baadaye tegemea michubuko, na wiki ya kwanza na ya pili unahisi kama kuna uzi unavuta ndani ya paja, mimi nilidhani kuna kitu kimeharibika kumbe ni kawaida. Wengine wanabaki na eneo dogo limekufa ganzi, hasa mshipa ukichomwa chini ya goti. Ngozi kuungua au damu kuganda ndani hutokea mara chache lakini hutokea, ndo mana unarudi kupimwa.

Kuna gundi pia, ya jamii ya sayanoakrileti, Marekani iliruhusiwa mwaka 2015. Uzuri hakuna yale maji wala visindano vingi, na mara nyingi huhitaji soksi baada yake. Ubaya gundi inabaki mwilini na baadhi ya watu mguu unakuwa mwekundu na kuwasha juu ya mshipa. Kama umewahi kupata mzio kwa gundi za kope au kucha za kubandika, mwambie daktari, ni ndugu zake hao.

Povu, hii ni dawa ya kuziba inayochanganywa na hewa kwa sirinji mbili, fungu moja la dawa kwa manne ya hewa, inachomwa kwa kuongozwa na altrasaundi. Linafaa mshipa uliojipinda ambao mrija haupiti, linafaa wazee, na waliowahi kupasuliwa mishipa ikarudi. Ila linaweza kuhitaji kurudiwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliolinganisha povu, leza na upasuaji kwa wagonjwa 798, ulipowafuatilia mpaka miaka 5 walioenda leza au upasuaji walikuwa na hali bora kuliko wa povu. Mwenye kipandauso au tundu kwenye moyo aseme mapema, povu linaweza kuleta vimulimuli machoni kwa muda.

Na upasuaji wa zamani wa kufunga mshipa kinenani na kuuchomoa, ambao daktari mpasuaji wa Marekani, Babcock, aliuelezea tangu 1907, bado upo. Watu wanaudharau siku hizi, mimi siudharau, kama sehemu uliyopo hamna mashine za joto na daktari anaujua vizuri, ni tiba halisi. Kupona tu ndo kunachukua muda zaidi. Mafundo makubwa yaliyotuna yanaweza kutolewa kwa vitundu vya milimita chache na kandoano kadogo, ganzi ya eneo tu, hata nyuzi mara nyingi hazihitajiki, na inaweza kufanyika siku moja na kuziba mshipa mkubwa.

Mwenye kidonda, naomba unisikilize hasa. Zamani waliambiwa subiri kipone kwanza ndo tuzibe. Utafiti uliotoka 2018 wa wagonjwa 450 ulionyesha waliozibwa mapema, huku wanafungwa bandeji za kubana, vidonda vilipona kwa wastani wa siku 56, waliocheleweshwa siku 82. Usikubali kukaa na bandeji peke yake bila mtu kuuliza mshipa gani unavuja.

Sasa ndo vile vya buibui

Chanzo kikishazibwa, au kikithibitika hakipo, hapa ndo sindano inapofaa. Dawa inayotumika sana ni polidokanoli, asilimia 0.5 kwa vile vyembamba kabisa na asilimia 1 kwa vile vya milimita 1 hadi 3. Inaukera ukuta wa mshipa, unashikamana, unafyonzwa. Vyembamba vinachukua wiki kadhaa kufifia, vikubwa miezi, na mwanzoni mguu unaonekana mbaya kuliko ulivyokuja. Vipindi ni viwili vitatu au zaidi, ukiahidiwa kimoja tu vimekwisha jiulize mara mbili.

Madoa ya kahawia yanatokana na chuma cha kwenye damu iliyobaki chini ya ngozi, mengi yanafifia ndani ya mwaka. Wakati mwingine vinaota vimishipa vipya vyembamba sana kuzunguka palipochomwa. Na dawa ikivuja nje ya mshipa inaweza kuleta kidonda kidogo, ndo mana mkono wa mchomaji una maana kuliko jina la dawa.

Leza ya juu ya ngozi ipo, ila kwa miguu sindano kwa kawaida inashinda. Leza inafaa anayeogopa sindano sana, mwenye mzio, au vimishipa vyembamba mno sindano haiingii. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hapa tuwe makini zaidi, melanini, ile rangi ya ngozi, inanyonya mwanga na ngozi inaungua au inabaki na baka. Leza ya mawimbi marefu, nanomita 1064, ni salama zaidi kuliko zile fupi, na hata hiyo omba wajaribu eneo dogo kwanza usubiri wiki kadhaa. Muulize mhudumu ameshafanya ngozi kama yako mara ngapi, na akuonyeshe picha.

Wajawazito, subirini. Hakuna sindano wala kuziba wakati wa mimba kwa mishipa hii, na baada ya kujifungua mingi inapungua yenyewe ndani ya miezi, kwaiyo jipe nusu mwaka hivi ndo ukapime.

Baada ya tiba

Tembea siku hiyo hiyo, dakika kumi hadi ishirini, halafu kila siku. Kulala kitandani kwa kuogopa ndo kosa. Soksi vaa kwa siku ulizoambiwa, wengine siku chache wengine wiki mbili. Wiki ya kwanza acha kunyanyua vyuma na kuoga maji ya moto sana, safari ndefu za ndege ahirisha kama unaweza, uliza daktari wako mpaka lini. Linda palipochomwa na jua. Na urudi kwenye altrasaundi ya marudio hata kama unajisikia vizuri.

Kuziba mshipa mmoja hakubadilishi damu ya ukoo, mingine inaweza kuja kuvuja mbele ya safari. Mimi ule mkubwa ulizibwa kwa mawimbi ya redio, nikakaa miezi mitatu, vimishipa vingi vya buibui vikafifia vyenyewe, vilivyobaki vikachomwa vipindi viwili na safari hii havijarudi. Madoa ya ile mara ya kwanza bado yanaonekana kidogo kwenye kifundo. Kipimo cha juzi kimeonyesha ule wa pajani bado umefunga, ila kuna kamoja nyuma ya goti kameanza kuvuja kidogo, tumekubaliana tukaangalie tu kwanza, nirudi na ile ripoti ya mwaka huu tulinganishe.